Nyimbo Zilizoikalia Harusi ya Mama Martina

Zuhra Muhidini ana tabia moja ambayo marehemu mama yake alishindwa kuiponya: hawezi kuvumilia sherehe iliyopoa. Akikuta watu wamejikunyata kwenye viti vya plastiki, kila mmoja anaitazama soda yake, yeye huona kosa ni lake. Ataitupa kamera mgongoni, atapiga kigelegele, atamwinua shangazi wa bwana harusi kwa nguvu, na kitambo kidogo hata mzee wa kanisa atakuwa amesimama anatikisa mabega. Ndiyo maana watu wa mtaa wake, Nyasubi, na wa vijiji vya mbali humtafuta yeye, ingawa mjini Kahama wapo wapiga picha wenye kamera za maana kuliko yake. Na ndiyo maana pia yalimkuta yaliyomkuta kule kijijini Didia.

Kazi aliirithi kwa baba yake, Muhidini, mtu wa Tabora aliyeingia Kahama na kamera moja ya filamu na pazia moja lenye picha ya maporomoko ya maji. Watu wa machimbo walikuja na matope yao, wakasimama mbele ya maporomoko yale, wakatuma picha nyumbani kuonyesha kuwa mambo yao ni mazuri. Muhidini alimfundisha binti yake mambo mawili. La kwanza, usimwambie mtu acheke. Mwambie la kumchekesha. La pili, ukimaliza tukio kubwa, toa filamu kwenye kamera kabla hujagusa chakula cha watu. Filamu ikishatoka, hata kamera ikitumbukia kwenye sufuria ya pilau, harusi ya watu iko salama.

Filamu zilikwisha, na mzee mwenyewe akaenda zake, lakini Zuhra hajaacha sharti hilo. Siku hizi picha zinakaa kwenye memori kadi, na yeye hutumia zile ndogo kama ukucha, za kuingia kwenye simu, ambazo kwenye kamera huvalishwa kwanza kijumba chake. Kabla hajala, huitoa kadi yenye picha za kanisani au za msikitini, huitia kwenye kikopo kitupu cha mafuta ya mgando, na kamera huipa kadi nyingine ya kupigia karamu. Ndani ya kikopo kadi tupu hulala chali, iliyojaa hulala kifudifudi. Hakuna kuandika wala kubandika karatasi. Ukifungua unaona.

Utaratibu ulikuwa mzuri sana, ilimradi kikopo kisitikisike. Tundu hilo Zuhra hakuliona kwa miaka tisa.

Harusi yenyewe ilikuwa ya Melania, ambaye Didia nzima humwita Mama Martina, na Mzee Mageni, mumewe wa miaka arobaini na mmoja. Usishangae. Kwa Wasukuma wa huko mambo huenda hivyo: ng'ombe hutoka, wazee hukaa, mke huja nyumbani, watoto huzaliwa na kuoa, na baadaye kabisa mama anataka kukomunika, yaani kupokea ekaristi, kama wenzake, padri anamwambia sharti ndoa ibarikiwe. Hapo ndipo unapomwona bibi harusi mwenye wajukuu tisa, na binti yake wa kwanza ndiye anayemshikia maua. Mama Martina alikubali yote aliyoambiwa na padri, ila aliweka sharti lake moja. Alitaka shela.

"Mwaka ule niliolewa na kitenge cha kuazima," alisema. "Kama ni kubarikiwa, nibarikiwe nimefunikwa kichwa kama bibi harusi, siyo kama mtu anayekwenda kisimani."

Shela likakodiwa Shinyanga mjini. Mzee Mageni hakusema kitu, kwani yeye hasemi kitu. Ni mtu mrefu, mkavu, ambaye ng'ombe wake wa kulimia wamesikia maneno yake mengi kuliko watoto wake. Alivaa suti ya mwanawe, mikono ikaishia juu ya kifundo, akaingia kanisani kama mtu aliyeitwa baraza la kata.

Padri alikuwa amepiga marufuku simu. Amechoka, alisema, kuongoza Misa mbele ya watu walioinua mikono kama wanasalimu amri, na hakuna anayesali. Mpiga picha ni mmoja tu, naye asikanyage altare. Zuhra hakuwa na shida na hilo. Ni Mwislamu, lakini amepiga picha za Misa nyingi mno hivi kwamba anajua wapi pa kupiga magoti kuliko baadhi ya waumini, na mara nyingine humgusa bega aliyekawia kusimama.

Ulipofika wakati wa pete, alikuwa ameinama upande wa kulia, jicho kwenye kamera. Mzee Mageni alishika mkono wa mkewe. Pete ikakwama kwenye kifundo cha kidole, kidole kilichopura mpunga miaka yote hiyo, na mzee akainua macho kumtazama mwenye kidole. Akakaa hivyo. Kisha chozi moja kubwa likatoka jicho la kushoto, likashuka kwenye mfereji wa shavu, na Zuhra akabonyeza. Alipobonyeza tena mzee alikuwa amekwisha kujifuta kwa mkono wa suti. Shahidi wa lile chozi ni picha moja tu.

Nje ya kanisa tayari wanawake walikuwa wameshalisikia.

"Mzee Mageni kalia!" alisema Mama Ignas, jirani ambaye habari zikitoka kwake hurudi zimenenepa. "Kalia kama mtoto wa kunyonya!"

"Vumbi," alisema Mzee Mageni, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi, ukiacha yale ya kiapo.

"Vumbi kanisani?" aliuliza Mama Martina.

"Vumbi."

Mama Martina akageuza shela lake lote kumtafuta mpiga picha. "Zuhra, mwanangu, umeipata?"

"Nimeipata, mama. Haki ya Mungu nimeipata, ipo humu," alijibu Zuhra, akipigapiga kamera. Akatoa kadi, akailaza kifudifudi ndani ya kikopo pembeni ya ile tupu, akaweka ya tatu kwenye kamera, akapanda pikipiki kuelekea nyumbani kwa maharusi. Njia ile ina mashimo ambayo hata wenye pikipiki huyasalimia kwa majina.

Karamu ilikwenda vizuri mpaka saa tisa hivi. Muziki ulikuwa wa Edward, shemeji wa binti yao Martina, mwenye kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo pale senta, na mwenye sabufa ambalo likipigwa bati huitikia. Mtu akapita na ndoo ya togwa, akajikwaa, togwa likaingia kwenye tundu la kadi ya nyimbo. Sabufa likakohoa, likanyamaza. Wacheza ngoma wakabaki wameinua mguu mmoja. Edward alifuta, akapuliza, akafuta tena, akasema kadi imekwenda na maji, na kwenye kompyuta yake nyimbo zipo ila hana kadi ya kuzitia.

Bibi harusi akakaa. Shela alikuwa amelivua kuliepusha na mchuzi, na bila shela na bila muziki alionekana mama wa kawaida mwenye miguu inayouma. Zuhra alimwona, na ile tabia yake ikampanda kichwani.

"Mimi ninayo tupu!" alisema. Akafungua kikopo bila hata kukitazama vizuri, akachukua iliyolala chali, akampa Edward. "Chukua, utanirudishia siku nyingine."

Edward ni mtu msafi. Kadi ya mtu haiingizi nyimbo mpaka aifute kwanza, kwa sababu ya virusi, anasema, kama vile wenzako wanavyonawa kabla ya kula. Alipoitia kwenye kompyuta ikamwuliza kama ana hakika, akajibu kwamba ana hakika, bila kusoma, maana humwuliza hivyo kila siku. Akaingiza nyimbo sitini. Karamu ikafufuka, Mama Martina akacheza mpaka kiatu kikakatika, na Zuhra akapiga picha zile za jasho na vicheko ambazo ndizo jina lake.

Jumapili asubuhi, nyumbani Nyasubi, aliketi na chai yake ya tangawizi, akatia kadi ya kanisani kwenye kompyuta. Ikafunguka, haina kitu. Akaitoa, akaipangusa, akairudisha. Haina kitu. Akakitazama kikopo, akakitikisa kidogo, akasikia kadi inavyocheza ndani kama punje ya hindi kwenye debe, na hapo akaelewa yote kwa mpigo. Alimkumbuka baba yake, na kwa mara ya kwanza alishukuru kwamba hayupo.

Akampigia Edward.

"Dada Zuhra! Kadi yako ni kiboko," alisema Edward kwa furaha. "Tangu jana haijakwama. Jana jioni nilitoa wimbo mmoja nikaweka mwingine mrefu zaidi, na sasa hivi nataka kuongeza za kwaya."

"Usiongeze!" Zuhra alipiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Edward, nakuomba kwa jina la mama yako, usiongeze hata wimbo mmoja. Usitoe, usifute, usiweke. Ichomoe uifunge kwenye karatasi, nakuja."

Aliijua kazi yake kiasi cha kutosha kufahamu kwamba picha iliyofutwa haiondoki mara moja. Inabaki pale pale mpaka kitu kingine kije kukaa juu yake. Zimekalia wapi nyimbo sitini, hilo hakulijua. Akapanda basi la Shinyanga na roho juu, akashuka Didia saa sita. Edward alimkabidhi kadi kwa mikono miwili, uso umemshuka, na Zuhra hakuwa na moyo wa kumgombeza, kwani kadi alimpa mwenyewe kwa mkono wake.

Sasa lilibaki jambo moja ambalo hakulitaka. Angeweza kurudi Kahama kimya kimya, atafute fundi, na akishindwa aseme kamera iliibwa. Wapo wapiga picha waliokwisha kuibiwa kamera moja mara sita. Alifika hata kituoni. Kisha akajiona anavyomkwepa Mama Martina mnadani miaka yote iliyobaki, akapiga moyo konde, akageuza.

Mama Martina alikuwa uani anapepeta mpunga, pete kidoleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Umezileta?"

Zuhra akamweleza: kikopo, chali na kifudifudi, togwa, Edward na usafi wake. Hakujitetea. Mama Martina alisikiliza huku ungo ukiendelea, halafu ungo ukasimama.

"Na ile?"

"Na ile imo humo humo, mama. Kama ipo."

Mwanamke yule alikaa chini kwenye kigoda. Zuhra alitazamia matusi, na angeyapokea yote. Mama Martina alianza kusema polepole, kwa sauti ya chini, asije akasikika zizini alikokuwa mumewe.

"Miaka arobaini na mmoja, Zuhra. Nimezika naye mtoto, hakulia. Ukame ule ulipomaliza ng'ombe wetu, alikaa mlangoni siku tatu, hakulia. Nikajisemea basi, huyu hakuumbiwa machozi, nami nikazoea. Halafu jana ananishika mkono na kunitazama." Akajifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nalia, na lile shela lilikuwa mbele ya macho. Niliona kama naona. Sasa yeye anasema vumbi, kila nikimwuliza ni vumbi, jana usiku vumbi, leo asubuhi vumbi. Wale wengine wanataka kumcheka, mimi sitaki kumcheka. Nataka kujua tu kama nililiona au nilijiotea."

Zuhra alisema ataipata, akajuta palepale, kwa kuwa alikuwa ameahidi kitu asichokuwa nacho kwa mara ya pili ndani ya siku mbili.

Fundi wa simu wa Nyasubi aliitazama kadi kwa dakika moja akamshauri anunue mpya. Wa pili alitaka kuijaribu kwa kuipiga picha mpya mbili tatu, Zuhra akamnyang'anya mkononi. Wa tatu, akiwa hajainua uso kutoka kwenye simu aliyokuwa akiichokonoa, akamwambia kazi hiyo ni ya Enock, na Enock amehamia Kharumwa.

Gari la Kharumwa lilimtikisa Jumatatu nzima, yeye kadi ameifunga kwenye pindo la kanga na mkono haujaachia pindo. Jumanne asubuhi alimkuta Enock, mwenye chumba kimoja kati ya duka la majembe na mwanamke anayeuza vitumbua. Kabla ya kompyuta alifanya kazi ya marudio, yaani ule mchanga wa dhahabu ambao wachimbaji wameshausaga na kuuosha wakauona hauna kitu, wakaumwaga, na wengine huununua kwa lori na kuuosha upya kwa dawa. Alikuwa mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja.

"Umeweka kitu chochote baada ya zile nyimbo?" aliuliza.

"Sijaigusa."

"Vizuri, dada. Wengi wanakuja wameshaipekua wenyewe, wamemaliza kila kitu, ndipo wananiletea." Akaitia kadi kwenye mashine. "Hii ni marudio, hakuna tofauti. Watu wanasema mchanga umekwisha, kumbe dhahabu ipo, imelala tu. Kitu cha kwanza sigusi mchanga wenyewe. Nachota nakala ya kadi nzima, naiosha nakala. Nikikosea, mchanga wako uko palepale."

Nakala peke yake ilichukua muda wa kula vitumbua sita. Kisha Enock akawasha programu yake, mstari mwembamba wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo, na Zuhra akavuta kigoda karibu mno hivi kwamba Enock alimwomba asimpumulie shingoni. Hazikuja picha. Zilikuja nyimbo: wa kwanza, wa pili, wa kumi, wa thelathini, kila mmoja na jina lake.

"Zote zimekaa mwanzoni," alisema Enock. "Hapo chini yake hakuna cha kupata. Ulianza kupiga wapi?"

"Nyumbani, anavalishwa. Kisha maandamano ya kuingia kanisani."

"Hizo sahau."

Zuhra akaziaga moyoni: Martina akimfunga mama yake shela mbele ya kioo kilichopasuka, wajukuu tisa kwa mstari na mishumaa. Zilikuwa picha nzuri. Ziliuma.

Halafu mstari ukapita wimbo wa mwisho, na kwenye kona ya kioo ikatokea picha ndogo: padri amefungua kitabu. Ikafuata nyingine. Mahubiri. Mama Ignas amesinzia. Zuhra alipiga kigelegele ambacho muuza vitumbua alikiitikia kutoka nje bila kujua cha nini. Picha zikawa zinashuka moja moja kama kuku wanaotoka bandani, na yeye anazihesabu kwa kufuata Misa: somo, mahubiri, viapo, kubariki pete. Alikuwa amesimama sasa.

"Inayofuata," alisema. "Inayofuata ndiyo."

Picha ikaja, na nusu yake ya chini ilikuwa kijivu kitupu.

Enock akashika kidevu. "Wimbo mmoja umeruka wenzake. Kuna uliowekwa baadaye?"

"Edward alibadilisha mmoja. Mrefu."

"Basi mkia wake ndio umekuja kukaa hapa, chini ya picha." Akaikuza. "Juu pako salama. Ngoja."

Ikajaa kioo chote. Pete haikuwepo, mikono haikuwepo, suti yenye mikono mifupi haikuwepo. Kwa kuwa Mzee Mageni ni mrefu, uso wake ulikuwa umesalimika wote, kuanzia mvi hadi kidevu, na kwenye shavu la kushoto chozi lilikuwa limefika katikati, linang'aa kwa mwanga wa dirisha. Kwa kuwa Mama Martina ni mfupi, kwake ulibaki utepe wa shela, paji la uso na macho mawili yamemwinukia mumewe. Kuanzia puani kushuka chini alikuwa ameliwa na wimbo.

Zuhra akaketi, akaulizwa kama anahitaji maji, akakataa. Alikuwa amefurahi kiasi cha kusahau kuuliza habari za picha nyingine, ambazo Enock aliendelea kuzitoa mpaka machweo, mia mbili na kumi na saba kwa jumla.

Alhamisi alirudi Didia na albamu kwapani, na ile moja ameitia kwenye bahasha peke yake. Njiani alikutana na Mama Ignas na, kwa kuwa ulimi wake nao hauna breki, alimwambia kuwa zimepatikana, nyingi mno, aje aone kwamba Zuhra Muhidini hapotezi harusi ya mtu. Mzee Mageni alikuwa chini ya upenu anagongomea nira ya ng'ombe. Aliitikia salamu kwa kidevu.

Mama Martina hakuitazama albamu. Alichukua bahasha, akaingia nayo chumbani, akamwashiria Zuhra amfuate, akaenda nayo dirishani. Alitazama muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye karatasi, kutoka jicho la mumewe hadi lilipofika chozi, akarudia. Kwenye kijivu kidole hakikushuka. Baadaye akacheka peke yake, kicheko kidogo cha msichana, akafungua sanduku lake la bati, akaiweka bahasha chini kabisa, chini ya vitenge, akafunga.

"Wabeja, mwanangu," alimshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana."

Walipotoka, Mama Ignas alikuwa ameshafika na wenzake wawili, wamekalia mkeka, albamu imefunguliwa. Walikwisha kujiona, wakajicheka, na Mama Ignas alikuwa ameipita haraka ile yake ya kusinzia.

"Haya, ya machozi iko wapi?" aliuliza. "Tumekuja kumwona Mzee Mageni analia."

Nyundo chini ya upenu ikanyamaza.

"Haipo," alisema Mama Martina, akajikalia mkekani na kunyoosha miguu. "Hiyo iliharibika. Nyimbo za Edward ziliikalia. Na hata ingekuwepo mngeona nini? Siku ile kulikuwa na vumbi, hamkuliona? Mimi mwenyewe liliniingia machoni."

Mama Ignas akamgeukia Zuhra. "Si umeniambia sasa hivi umezipata?"

Zuhra akafungua mdomo. Jina lake la miaka tisa lilikuwa linakatwakatwa mbele ya wanawake watatu ambao kila mmoja ana binti wa kuozesha. Siku nne za barabara, mikono imekufa ganzi kwa kushika pindo la kanga, na sasa aonekane mtu aliyepoteza picha yenyewe hasa. Akamtazama Mama Martina, aliyekuwa ametulia tuli, anachambua ukucha.

"Ile moja ilinishinda," alisema Zuhra. "Bahati mbaya."

"Nilijua tu," alisema Mama Ignas, na nyundo ikaanza tena kugonga.

Alipoaga, Mzee Mageni aliinuka, akachukua begi la kamera na kulitundika begani kwake, jambo ambalo halikuwahi kuonekana kwenye kaya ile. Wakatembea kuelekea barabarani, yeye mbele, Zuhra nyuma, mpaka nyumba ilipofichwa na mtama.

"Ile picha," alisema mzee bila kugeuka. "Ipo?"

"Mama amesema iliharibika, mzee."

"Nimemsikia. Nakuuliza wewe."

Zuhra alitembea hatua kadhaa. "Ipo."

"Yeye anaonekana?"

"Mpaka kwenye macho. Chini ya hapo wimbo umekula."

Mzee akasimama, akalihamisha begi bega la pili. "Nitolee moja ndogo ya kuenea mfukoni. Macho yanatosha. Hayo macho ndiyo yaliyoniliza." Kisha, kama mtu aliyetumia maneno ya mwezi mzima, akasimamisha pikipiki iliyokuwa inapita, akamkabidhi Zuhra begi lake, akasema Mama Martina asiambiwe, akageuka kwenda kwenye nira yake.

Zuhra akapanda. Walipofika lami, dereva alimtazama kwenye kioo akamwuliza kama yuko salama, dada, mbona anajifuta hivyo, naye akamjibu ni vumbi.